Mashati ya Kulisha Udongo

Nyumbani, 3 Machi

Bi Minyoo wangu,

Mimi mzima, cherehani nzima, na wale wageni wako wa chini ya sinki ni wazima kupita sisi wote. Nawapa maganda ya ndizi na majani ya chai kama ulivyoagiza, halafu nafunika ndoo ya minyoo kwa gunia bichi. Jana nimejikuta nawasalimia. Hivyo ndivyo mtu anavyoharibikiwa mkewe akikaa mbali.

Nimekubali tuandikiane barua kwa sababu umesema kwenye simu nakukata maneno, na kwa sababu huko kwenye kituo chenu cha utafiti mtandao haushiki mpaka upande juu ya tanki la maji. Sawa. Dereva wenu akija mjini Ijumaa kuchukua vifaa atapita dukani kwangu. Lakini kuna jambo limenikwama kooni tangu Jumapili. Tulipokuwa tunaongea, kuna mtu alicheka nyuma yako. Mwanamume. Kisha na wewe ukacheka, na najua si mimi niliyekuchekesha, maana nilikuwa nakueleza habari za bomba la jikoni linalovuja. Bomba halijawahi kumchekesha mtu.

Ni nani huyo?

Suruali yako ya shambani hii hapa. Nimeiongezea mfuko wa pili wa kutia vijiko vyako vya kuchimbia.

Mumeo,
Fundi


Kituoni, 9 Machi

Fundi wangu,

Suruali imenikaa vizuri na mfuko umekuwa gumzo. Mafundi wa maabara wote wanautaka.

Aliyecheka ni Msanii. Nilikueleza habari zake kabla sijaondoka, ila siku hiyo ulikuwa na sare za wauguzi mezani, ukawa unaitikia “mm” tu. Wafadhili wametaka kila mtafiti apewe msanii wa kufanya naye kazi, ili watu waelewe kwamba udongo una uhai na sisi tunaishi kwa hisani yake. Mimi napima, yeye anasikiliza. Ana vipaza sauti vyembamba kama sindano zako. Anavichomeka ardhini, anaziba masikio kwa visikilizio vyake, anafumba macho. Alinipa na mimi nisikilize. Fundi, huko chini kuna sauti! Ni kama mtu anatafuna biskuti chumba cha pili. Siku ile tulicheka kwa sababu alikuwa amelala kifudifudi shambani kwa Mama wa Shamba la Juu, mama wa watu akadhani amezimia, akammwagia ndoo ya maji.

Sasa nina kazi yako. Tumeziomba familia zinazolima hapa nguo za watu wanaowapenda, tuzizike mashambani mwao wiki nane kisha tuzifukue. Pamba ni chakula cha viumbe wa udongo. Udongo ulio hai huila nguo ikaisha. Udongo uliochoka huiacha karibu kama ilivyokuwa. Msanii anataka watu waone kwa macho yao ardhi inavyokula. Mimi nataka kupima uzito wa kinachobaki. Shida ni kwamba nguo za siku hizi ni nusu pamba nusu plastiki, hakuna kinacholinganishika. Basi nimewaambia wakubwa kwamba namjua fundi.

Nahitaji mashati thelathini ya kiume, yote sawasawa. Kitambaa pamba tupu, vifungo vya kitambaa, na uzi pamba. Uzi usiusahau, maana kisicholiwa kitanivurugia mizani. Kila familia itaandika kwenye ukosi jina la mtu wao, ndipo tulizike.

Kipimo: kifua thelathini na nane, bega kumi na saba na nusu, mkono ishirini na nne na nusu, urefu ishirini na tisa. Bega la kushoto limeshuka, lishushe robo inchi.

Nakukumbuka, hata na bomba lako.

Bi Minyoo


Nyumbani, 17 Machi

Mke wangu,

Kitambaa nimepata, kizuri, cheupe. Kazi nitaifanya. Hilo liko pembeni.

Nirudi kwenye kipimo. Mimi nimeshika tepu tangu sijaota ndevu, na nikisoma kipimo namwona mtu. Huyu wako ni mwembamba, kifua kimekaa, mikono mirefu, anasimama kama anamsikiliza mtu aliye kushoto kwake. Kijana huyu, tena mwenye sura. Sasa niambie ulimpimaje. Kifua hakipimwi kwa macho, Bi Minyoo. Kifua kinazungushiwa mikono. Unamwambia mtu inua, unapitisha tepu mgongoni, unaileta mbele, unasogea karibu mpaka unasikia alichokula mchana. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, naijua.

Na bega la kushoto! Robo inchi hakuna anayeiona, hata mama mzazi. Kuiona robo inchi ya bega la mtu kunataka umtazame sana, tena akiwa amekupa mgongo na hana habari.

Huyo Msanii ana mke? Anakula wapi? Mnakula pamoja? Usiku analala upande gani wa kituo? Usiniambie nina wivu, najua kwamba ninao. Nakuuliza tu kipimo ni cha nani.

Minyoo wako wanakula vizuri kuliko mimi.

Fundi


Kituoni, 24 Machi

Fundi,

Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Mwenye kipimo hicho namfahamu vizuri sana, na tepu niliishika mwenyewe, na kweli nilisogea karibu. Tafakari, utampata. Kama hutampata, basi wewe si fundi.

Msanii anakusalimu. Anakula meza moja na sisi sote, analala upande wa stoo, na anakoroma mpaka ukutani kwetu kunasikika. Umeridhika?

Nina haraka, mvua zimeanza na mashimo hayajachimbwa yote. Mashati niletee mapema Aprili tafadhali. Kazi yangu ya mwaka mzima imening’inia hapo.

Bi Minyoo


Nyumbani, 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo wewe ndiye utakayenisikiliza.

Wifi yako amenitoka. Hajasema, ila mimi si mjinga. Kuna mtu huko kituoni, msanii, kazi yake kuweka sikio chini asikilize minyoo, na wanalipwa kwa hilo. Ameniletea kipimo chake nimshonee mashati, mimi mume! Nimekunakilia kipimo chenyewe nyuma ya karatasi hii. Nikamuuliza ni cha nani, akanijibu kwamba tepu alishika yeye na alisogea karibu. Ameandika hivyo, kwa mkono wake, kwa furaha. Tena anasikia mpaka mtu anavyokoroma ukutani kwake. Roho inaniuma, dada, nikikaa kwenye cherehani namwona yule mtu ameinua mikono na mke wangu anamzunguka na tepu. Nimeshona mfuko wa suruali ya mteja juu chini kwa sababu hiyo.

Sasa nikwambie nilichofanya. Mashati yanatakiwa yaoze yote ardhini, mpaka uzi, ndiyo sanaa yao. Nimeyashona kwa poliesta. Uzi wa magunia na mahema, mweupe vilevile, ukiutazama huwezi kuujua. Huo hauliwi na kitu. Siku ya kufukua, bwana mkubwa amewaita watu wake waje waone miujiza, atakuta mashati yake hayajaisha. Ataaibika mbele ya watu. Nimeshona ishirini na nane, yamebaki mawili, na mkono wangu unakwenda kwa raha ambayo sijaisikia tangu aondoke.

Usinigombeze. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Mdogo wako


Nyumbani, 4 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Mashati thelathini hayo, dereva amenisaidia kuyafunga. Kila mshono nimeushona mwenyewe, sikumpa mtu. Bega la kushoto nimelishusha robo inchi kama ulivyotaka.

Mwambie Msanii ayafurahie.

Fundi


Kwa Dada, 7 Aprili

Wewe,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Una wazimu.

Nikuulize swali moja tu. Kazi hiyo ni ya nani, ya huyo msikiliza minyoo au ya mkeo? Umeniandikia ukurasa mzima na hilo hukulifikiria hata mara moja. Kama mashati hayajatoka hapo dukani, yafumue. Kama yametoka, mwandikie leo umwambie ukweli kabla hayajaingia ardhini. Kesho utakuwa umechelewa, na usije kunilalia mimi mlangoni.

Na hicho kipimo nimekitazama. Kuna kitu nakijua kuhusu hicho kipimo, ila sikwambii. Ujinga kama huu mtu auone mwenyewe.

Dada yako


Kituoni, 20 Aprili

Fundi wangu,

Nimepata nafasi leo, nimekaa kwenye ngazi za maabara na miguu imejaa tope.

Mashati yamezikwa yote. Furushi lilipofika nililifungua kwanza peke yangu, likanukia duka lako, pasi na mafuta ya cherehani, nikakaa nalo kidogo kabla ya kuita watu. Umeshona vizuri sana. Wakubwa walitaka nichukue kipande nikipime maabara kabla ya kuzika. Nikawaambia hapana haja, huyu ni mume wangu.

Natamani ungekuwepo siku ya kuzika. Msanii alikuwa amepanga watu wakae kimya wasikilize ardhi, lakini watu hawakukaa kimya. Kila mmoja alianza kueleza habari za aliyemwandika kwenye ukosi. Mama wa Shamba la Juu ameandika jina la marehemu mumewe. Huyu mama tangu mumewe afariki hajatia dawa wala mbolea ya dukani, analisha shamba lake majani na samadi na maji ya kuoshea vyombo, watu wanamcheka. Aliingia shimoni mwenyewe, akalilaza shati, akalikunjua mikono vizuri. Akaniambia, “Nimeulisha huu udongo na viumbe wake miaka yote. Sasa nitajua kama na wao wamempokea.” Mimi mtafiti nilishindwa kuandika, nikafunga daftari.

Mbona umekuwa mkimya? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti. Na kile kitendawili changu cha kipimo, bado tu?

Nakupenda.

Bi Minyoo wako


Kituoni, 22 Juni

Kwa Fundi, ambaye sijapata bahati ya kumwona,

Samahani kwa kukuandikia bila kujuana. Mkeo hajui kwamba nakuandikia. Siku hizi haongei na mtu. Anapima, anaandika, anafunga mlango. Lakini mimi siwezi kukaa kimya.

Kaka, umefanya nini! Tulipofukua shamba la kwanza nilidhani tumekosea shimo. Kitambaa chote kimeliwa, hakuna hata kiraka, lakini mishono imebaki imesimama. Ukosi, mabega, makwapa, mzunguko wa vifungo, vyote vimechorwa kwa uzi peke yake, na mizizi midogo imepita katikati. Ukiinyanyua mkononi unashika shati lisilokuwepo. Nimefanya sanaa nusu ya maisha yangu, sijawahi kufikiria kitu cha namna hii. Nimeyaning’iniza kumi na mawili darini kwenye stoo na upepo ukipita yanageuka kama watu. Jumba la maonyesho la mji mkuu limeona picha na wanayataka yote. Nimewaambia mawazo ni ya Fundi. Niambie jina lako liandikweje.

Nakiri nilijaribu kuvaa moja kabla hatujayazika, kwa utani. Mimi ni mfupi na nina tumbo, mabega yake yaliniangukia mpaka kwenye kiwiko na kifungo hakikufika. Ni mwili wa mtu mwingine kabisa. Nilimuuliza mkeo ni wa nani, akatabasamu tu akaendelea na kazi. Wakati ule alikuwa bado anatabasamu.

Kwa heshima,
Msanii


Nyumbani, 24 Juni

Mke wangu,

Nimepokea barua ya huyo rafiki yako kabla ya yako, na sijui kama yako inakuja.

Ni mimi. Uzi si pamba, ni poliesta, na sikukosea. Nilichukua ule wa mahema makusudi. Nilitaka mashati yagome kuoza ili yeye aaibike, na sasa ananiandikia kunishukuru, anataka kuniweka jina ukutani. Wewe ndiye nasikia umefunga mlango. Dada aliniambia nikwambie kabla hayajazikwa. Barua yake ilinifikia mashati yalishaondoka, na nikajidanganya kwamba nimechelewa, kumbe kulikuwa na Ijumaa mbili nzima ambazo dereva alisimama hapa mlangoni na mimi nikampa salamu tu. Nisamehe. Sina la kujitetea zaidi ya wivu, na wivu si utetezi.

Lakini Bi Minyoo, kwa kuwa nimeshaanguka acha niangukie na hili. Yeye ni mfupi na ana tumbo. Kipimo si chake. Nimekaa na hilo siku nzima, nikajisikia nimepona, halafu nikaanza kuumwa upya. Maana kama si yeye, basi kuna mwingine ambaye hata jina lake sijalisikia. Ni dereva? Ni daktari wa mifugo wa huko? Niambie tu, hata kama ndiyo mwisho. Nimechoka kumshonea mtu nisiyemjua.

Fundi


Kituoni, 30 Juni

Fundi,

Nimesoma barua yako. Nitajibu mambo matatu na sitayarudia.

La kwanza ni kazi. Kila shati nililipima uzito kabla ya kulizika. Kilichobaki sasa ni uzi ambao kwenye karatasi zangu haupo. Nimeandika kwa wakubwa kwamba kosa ni langu, kwamba nilikataa kupima kipande maabara. Hilo ni kweli. Nilikataa kwa sababu ni wewe. Sikuandika kwamba mume wangu alikusudia, maana nilipofika kwenye sentensi hiyo mkono ulikataa. Wamekubali nirudie msimu mmoja zaidi. Kwa hiyo nilikuwa nirudi nyumbani mwezi ujao, na sasa sirudi mpaka mwisho wa mwaka. Hiyo ndiyo faida uliyopata.

La pili ni Mama wa Shamba la Juu. Msanii aliona sanaa, mimi nilimwona yeye. Alifukua kwa mikono. Akakuta mabega ya mumewe yamesimama kwenye udongo, mishono myeupe haijaguswa. Hakujua habari za poliesta, na mimi wakati ule sikujua. Alikaa chini akasema, “Kumbe hawajampokea.” Miaka yote ya majani na samadi, na akaamini shamba lake limemkataa mumewe. Nilipochoma ule uzi na kuona unayeyuka badala ya kuwa majivu, nilikimbia kumweleza kwamba udongo wake ndio ulioongoza mashamba yote, kwamba kitambaa kiliisha chote. Akanisikiliza kwa adabu. Sijui kama ameniamini.

La tatu ni kipimo. Nilipanga nikwambie kwa raha. Haya.

Mwaka tuliooana ulijishonea shati jeupe. Fundi hawezi kujipima mgongo, ukanipa tepu. Sikuwa najua kuishika, niliisoma upande wa sentimita ukanicheka. Kifua thelathini na nane. Bega kumi na saba na nusu. Nikaona la kushoto limeshuka, kwa sababu ndilo unalobebea vitambaa, na ndilo unaloliinamisha ukiwa unapiga cherehani. Sikukwambia, nilijiwekea. Hapa waliponiuliza kipimo cha mashati kiwe gani, sikuwa na kipimo kingine kichwani. Nilikuandikia nikajua utakiona, utacheka, utaniita mjanja. Nikasubiri barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikutania kwa sababu niliona haiwezekani usijijue. Hapo nilikosea na mimi, nakubali.

Umesoma miili ya mji mzima, Fundi. Wako ukauonea wivu.

Mtafiti


Nyumbani, 16 Julai

Mke wangu,

Barua yako nimeiweka kwenye droo ya mikasi, kila nikichukua mkasi naiona.

Dada alikuja. Aliposikia habari za kipimo alisema alijua siku ya kwanza, yeye ndiye aliyenifulia mashati ujana wangu wote. Nikampa tepu. Nikainua mikono katikati ya duka na wateja wanatazama. Kifua arobaini na nne. Tumbo sikuandikii. Bega la kushoto limeshuka, anasema, tena si robo inchi, ni nusu. Nilisimama pale na aibu, halafu, nisikufiche, nikaona wivu mwingine. Namwonea wivu yule kijana wa thelathini na nane. Unamkumbuka inchi kwa inchi, na yeye hajawahi kukuharibia kitu. Mimi huyu wa arobaini na nne hujanipima.

Ndoo yako ya minyoo nimeimwaga yote juu ya gazeti. Nilikuwa nikiwatupia vipande vya mashati yale bila kufikiri. Kitambaa wamekula. Nyuzi nimezikuta zimejikunja katikati yao, nikazitoa moja moja kwa kibano cha cherehani ya overloki, na kila mnyoo niliyemgusa nikamwomba radhi. Wako wazima, wamenenepa.

Mashati thelathini mapya haya. Uzi ni pamba. Usiniamini. Nimeambatanisha kipande chenye mshono cha kila moja, kipeleke maabara, kichome, fanya utakavyo. Msanii nimemjibu kwamba jina langu asiliandike popote. Ile haikuwa sanaa, nilikuwa namwekea mtu mtego.

Chini kabisa ya furushi kuna la thelathini na moja. Ni kipimo cha sasa, bega nusu inchi. Lizike popote utakapo, hata nyuma ya choo cha kituo. Liliwe.

Sitakuja mpaka uniite.

Fundi


Kituoni, 23 Julai

Fundi,

Vipande vyote thelathini nimevichoma. Vyote vimekuwa majivu. Nimefanya hivyo mbele ya wakubwa na sikuona haya, na wewe usione.

Msanii ameondoka na mishono yake. Stoo imebaki tupu na usiku kumekuwa kimya bila mkoromo.

Bado nina hasira. Furushi moja haliwezi kuimaliza. Kuna asubuhi naamka nimeshapanga kukuandikia maneno mabaya, kisha naenda shambani nayasahau, kisha nayakumbuka tena.

Sikiliza sasa. Tulipofukua, mishono mingi ilikatika. Vipande vya uzi wako bado vimo kwenye mashamba thelathini na havitaoza, mimi na wewe tutazikwa vikiwa bado vipo. Siwezi kuzika shati jingine juu yake, na sitavitoa mimi. Utavitoa wewe, kwa magoti, shamba kwa shamba. Utaanza na Shamba la Juu, na utamweleza mwenyewe mama yule kwa nini mabega ya mumewe yalibaki. Kwangu hakuamini. Nataka akusikie wewe.

Ijumaa dereva atakuwa na kiti kitupu. Funga duka, ubebe na ndoo, hakuna wa kuwalisha ukiondoka.

Shati la thelathini na moja sikulizika. Asubuhi huku kuna baridi, nalivaa juu ya nguo zangu za shambani. Mikono imenipita, na bega la kushoto linaanguka kila nikiinama. Ni kubwa mno kwangu, tungeingia wawili. Kifua arobaini na nne nimeshakipima, na nimekikariri.

Bi Minyoo wako